Nilipolifuta Neno Mnazi

Kila Jumatano tunatoka Pongwe umande haujakauka,
yeye akiendesha, mimi nimekaa kwenye keria.
Mbelwa wangu, miaka kumi na mitano, mgongo wa babake,
na kichwa ambacho saa haijawahi kukaa ndani.
Ukimwambia "bado nusu saa"
ni sawa na kumwambia "juzi."

Chumba cha Bi Tunu kiko Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu,
juu ya duka la spea za baiskeli.
Kuta tupu. Redio hakuna. Ile taa ndefu ameizima,
anasema mvumo wake humtafuna mtoto masikio.
Sikuwahi kuusikia mvumo wa taa.
Tangu siku ile nausikia kila mahali.

Mara ya kwanza aliniuliza kama anayeuliza bei ya nazi:
"Mimba yake, mama, ulikuwa unakunywa?"
Nikatazama ukuta. Hauna hata kalenda ya kunisaidia.
Nikasema: nilikuwa nakata mkonge.
Akasubiri.
Nikasema: jua lilikuwa kali.
Akasubiri.
Nikasema: mnazi. Kata mbili kila jioni. Jumamosi sikuhesabu.
Nesi alinipima tumbo kwa utepe, akaniambia nile mchicha,
basi.
Bi Tunu akaandika mstari mmoja, akafunika kalamu.
"Asante. Sasa tufanye kazi."
Miaka yote nilijiandaa kwa kofi;
kwa asante sikuwa nimejiandaa.

Kazi yenyewe ni ndogo hata aibu kuisimulia.
Neno moja kwa wakati mmoja. Nisiseme "kaoge uvae uje ule."
Niseme "oga." Kisha nisubiri ndoo inyamaze.
Picha ya mswaki, picha ya shati, picha ya mlango.
Kununua chumvi mara kumi na tisa, Bi Tunu ndiye muuzaji,
chenji ni vifuniko vya soda.
Akipatia, asifiwe papo hapo, na sifa itaje alichofanya.
Akikosea, nisimwulize "kwa nini?"
Hajui kwa nini. Atanitungia jibu ili nifurahi,
na jibu la namna hiyo ndilo mwalimu aliloliita uongo
siku alipochukua baiskeli ya Mzee Sekibaha
iliyoegemezwa ukutani kwetu.
Ukuta wetu, basi baiskeli yetu. Ndivyo alivyoona.
Walimchapa kwa miti ya mihogo.
Asubuhi akamwamkia kila aliyemchapa.

Picha zilishika kidogo. Vina ndivyo vilivyoganda.
Usiku nikakaa na kibatari, nikamtungia:
*Simama kama mnazi* —
Nikasita.
Nikalifuta neno mpaka karatasi ikatoboka,
nikaanza upya:

*Simama kama mkonge, usiende mbio mbio,*
*Vuta pumzi, upange, tulia, tega sikio,*
*Kisha neno ulitunge, polepole, si kilio,*
*Ukikosa, si mnyonge, lipo tena jaribio.*

Sitaki kudanganya. Juma lililopita alirusha sufuria, na wali ndani.
Na jana nilimtuma mkate,
akarudi na mkate, chenji kamili, bila baiskeli.
Nikawaka. Kwa nini, wapi, nani, mara ngapi nimekwambia,
maneno yote niliyokatazwa, kwa mkupuo mmoja.
Akaziba masikio. Akafumba macho. Midomo ikacheza.
Halafu akaniwekea kiganja begani, kizito, kina unga wa mkate:
"Simama kama mkonge, mama."

Nikasimama.

Tukaenda wote dukani, kimya.
Baiskeli ipo, imeegemea pale pale alipoiacha.
Akaitazama muda mrefu, kidole kikihama
toka ukutani kuja kwenye usukani, kikirudi tena.
"Ukuta wao," akasema.
Nikauma ulimi. Nikasubiri.
"Baiskeli... yetu?"